Karatasi ya ER, PR na HER2: Maswali Tunayoulizwa Tanga Kuhusu Vipokezi vya Saratani ya Matiti

Mama yangu mdogo alipoambiwa ana saratani ya titi, mimi ndiye niliyepanda naye basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam, karatasi ya majibu ikiwa imekunjwa ndani ya msahafu wake. Tulipofika Segera nilikuwa nimeshaisoma mara nne na sikuwa nimeelewa kitu. Tangu siku hizo wanawake wa Ngamiani, Makorora, Pongwe na hata Muheza huniletea karatasi zao. Mimi si daktari, na kauli ya mwisho juu ya matibabu yako ni ya daktari anayekutibu. Ila maswali ni yaleyale, na nimeyakusanya hapa pamoja na majibu niliyoyahakikisha. Nimeyapa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine.

## Karatasi inasema nini

1. Vipokezi vya homoni ni kitu gani hasa?

Mwili hutengeneza homoni za estrojeni na projesteroni, nazo husafiri kwenye damu mwili mzima. Lakini hazifanyi kazi kila mahali zinapopita. Fikiria jahazi lililosheheni. Linaweza kupita pwani yote kuanzia Moa hadi Pangani lisishushe hata gunia moja, mpaka likute gati. Kipokezi ndilo gati. Ni protini iliyomo ndani ya kiini cha seli, na estrojeni ikishafunga hapo, seli hupata amri ya kukua na kugawanyika.

Seli za kawaida za titi nazo zina magati hayo, ndiyo maana matiti ya wengi hujaa na kuuma hedhi inapokaribia. Saratani inapoota, baadhi hubaki na magati na kuendelea kunufaika na homoni, na nyingine huyapoteza zikajiendea zenyewe. Kipimo cha vipokezi kinatafuta tofauti hiyo, na matibabu huanza kugawanyika hapohapo.

2. Zile herufi ER, PR, HER2 na Ki-67 ni nini?

ER ni kipokezi cha estrojeni. PR ni kipokezi cha projesteroni. Hivi viwili ndivyo vipokezi vya homoni.

HER2 si cha homoni. Ni protini inayokaa kwenye ukuta wa nje wa seli na kuihimiza ikue. Kila seli ya titi huwa nayo kidogo, tatizo ni pale inapozidi kupita kiasi. Ki-67 ni protini inayoonekana kwenye seli zilizo mbioni kugawanyika, kwa hiyo asilimia yake inaonyesha saratani ina kasi gani (tazama swali la 12).

3. Nimeandikiwa "chanya". Ina maana nina virusi?

Hapana. Hili nalijibu kwanza kila ninapokaa na mtu, kwa sababu nimemwona mama akilia kibarazani siku nzima, hakumwambia hata mumewe, akidhani amepatikana na UKIMWI. Kwetu neno "chanya" limezoeleka kwa maana hiyo moja. Kwenye karatasi hii, ER chanya maana yake ni kwamba seli za saratani zina kipokezi cha estrojeni, basi. Hakihusiani na virusi, hakiambukizi, na hakisemi lolote juu ya mwenendo wa mtu.

Tena kwa ER na PR, chanya kwa kawaida ndiyo afadhali, maana kuna dawa za vidonge zinazolenga gati hilohilo.

4. Yangu imeandikwa ER 90%, ya jirani yangu 5%. Yeye ni chanya au hasi?

Maabara huhesabu ni seli ngapi za saratani zimeshika rangi. Kuanzia 1% kwenda juu huitwa chanya. Lakini walio kati ya 1% na 10% huwekwa kundi lao la "chanya kidogo", kwa sababu saratani zao nyingi zina tabia zinazokaribia zile zisizo na vipokezi, na faida ya dawa za homoni kwao haina uhakika kama ilivyo kwa mwenye 90%. Daktari anaweza kumpa jirani yako vidonge na bado akasisitiza kemotherapia (dawa kali za kuua seli za saratani). Hajajichanganya.

Maabara nyingine hutoa alama za Allred, kuanzia 0 hadi 8, zinazojumlisha wingi wa seli zilizoshika rangi na ukolezi wa rangi yenyewe. Hapo 3 na kuendelea ni chanya.

5. HER2 yangu ni 2+. Hiyo ni chanya?

Bado. 0 na 1+ huhesabiwa hasi, 3+ ni chanya, na 2+ ni njia panda. Inahitaji kipimo cha pili kinachohesabu jeni lenyewe la HER2 ndani ya seli. Usikubali matibabu ya HER2 yaamuliwe kwa 2+ peke yake, wala usikubali kuambiwa huna. Uliza: "Kipimo cha pili kitafanyika wapi, na kibonge changu kiko wapi?" Kibonge nimekieleza kwenye swali la 8.

## Kipande na safari yake

6. Wanapimaje? Mbona hawakuchukua damu?

Kwa sababu kinachopimwa ni saratani yenyewe. Kipande hutolewa kwa sindano nene au kwa upasuaji, huwekwa kwenye formalini, kisha hugandishwa ndani ya nta. Hapo hukatwa vipande vyembamba mno, hubandikwa kwenye vioo na kutiwa kingamwili, yaani protini za kinga zilizotengenezwa kushika protini moja tu. Penye protini hiyo hutokea rangi ya kahawia, pasipo nayo hubaki buluu. Kazi hii huitwa imunohistokemia.

Niliomba kuchungulia kwenye hadubini ya daktari wa patholojia, akaniruhusu. Viini vya seli za mama mdogo vilikuwa vya kahawia iliyoiva, kimoja kimoja, kama mbegu za ufuta zilizokaangwa. Kisha akabadilisha kioo akanionyesha mfano wa HER2 3+ ya mgonjwa mwingine. Pale kahawia haikuwa kwenye viini, ilizunguka kila seli ukutani, mfano wa nyavu iliyotandazwa. Nilielewa pale kuliko kwenye karatasi zote nilizosoma.

Vipo vipimo vya damu, kama CA 15-3, ambavyo husaidia kufuatilia baadhi ya wagonjwa ambao saratani imeshasambaa. Haviwezi kugundua saratani ya titi mapema wala kukuambia ER yako. Usitoe hela zako kwa anayekuahidi hivyo.

7. Kwa nini unasisitiza sana habari ya formalini?

Kwa sababu ndiyo ilikaribia kumnyima mama mdogo dawa yake.

Kipande chake cha kwanza kilitolewa Ijumaa mchana, katika hospitali nisiyoitaja. Formalini ilikuwa imekwisha. Kikawekwa kwenye kichupa cha maji ya chumvi, yale ya dripu, kikakaa hivyo mpaka Jumatatu ndipo kikatiwa formalini. Majibu yakaja: ER 0%, PR 0%, HER2 hasi. Tukaambiwa ni ile isiyo na kipokezi chochote, na tuanze kujiandaa kwa hilo. Bahati ni daktari wa patholojia aliyeangalia vioo vile upya Dar es Salaam. Kwenye kipande kilekile kulikuwa na vijifereji vya maziwa vya kawaida, visivyo na saratani, ambavyo siku zote lazima baadhi ya seli zake zishike kahawia. Havikushika hata kimoja. Akatuambia, "Hapa kipimo ndicho kilichoshindwa. Siwezi kusema mama hana vipokezi." Kikatolewa kipande kingine, kikaingia formalini mbele ya macho yangu. ER ikatoka 90%. Wiki tano zilikuwa zimeshapita.

Basi haya ndiyo ya kuuliza kabla hujapanda kitandani. Formalini ipo? Iwe ile ya asilimia 10 iliyowekwa sawa kikemikali. Kipande kinatakiwa kiingie humo ndani ya saa moja tangu kitolewe, formalini iwe nyingi, kama mara kumi ya ukubwa wa kipande, na kikae humo si chini ya saa 6 wala si zaidi ya saa 72. Kama ni titi zima limetolewa, lazima lichanjwe, maana formalini hupenya polepole kama milimita moja kwa saa, na katikati huweza kuoza kabla haijafika. Kichupa kiandikwe jina, tarehe, saa ya kutolewa na saa ya kuingia formalini. Ukipewa wewe ukisafirishe kwa basi, funga mfuniko, weka ndani ya mfuko wa nailoni na chombo kigumu, usikiweke juani kwenye dashibodi. Kukiweka kwenye barafu hakuna haja, na kukigandisha kunakiharibu.

Muuguzi akikuona msumbufu, vumilia. Uliza kwa adabu, lakini uliza.

8. Kipande kilitolewa mwaka jana na hawakupima vipokezi. Lazima nichomwe tena?

Mara nyingi hapana. Kile kibonge cha nta hutunzwa maabara kwa miaka, na kinaweza kukatwa upya kikapimwa ER, PR na HER2. Nenda maabara ilikosomwa, uwe na namba ya patholojia iliyo juu ya karatasi yako, omba kibonge chenyewe pamoja na vioo. Kama kipande kilihifadhiwa vibaya tangu mwanzo (swali la 7), hapo ndipo kuchomwa tena kunakuwa na maana.

9. Sindano ikichoma uvimbe, si itasambaza saratani?

Hofu hii imewaua watu hapa kwetu kwa kuwachelewesha. Kuchukua kipande kwa sindano nene ndiyo njia inayopendekezwa duniani kote, na hakufupishi maisha ya mgonjwa. Kinachosambaza saratani ni muda. Shirika la Afya Duniani linataka mwanamke awe amepata jibu kamili ndani ya siku 60 tangu afike kituoni na dalili. Hesabu siku zako.

Ila jua tofauti ya sindano. Ile nyembamba inayonyonya majimaji na seli chache hutosha kuonyesha kwamba ni saratani, lakini mara nyingi haitoshelezi kupima vipokezi vizuri.

## Hatima na mwenendo wa ugonjwa

10. Vipokezi vinaweza kuniambia nitaishi miaka mingapi?

Hakuna karatasi inayoweza hilo. Vipokezi hueleza tabia ya saratani na dawa itakayoifaa. Hatima hutegemea pia ukubwa wa uvimbe, kama umefika kwenye matezi ya kwapani na mangapi, daraja la seli kuanzia 1 (zinazokaribia kufanana na za kawaida) hadi 3 (zilizobadilika sana), na kama matibabu yalikamilika. Uvimbe wa sentimita moja usio na vipokezi, uliowahiwa, unaweza kuwa na hatima njema kuliko ER 90% iliyokaa miaka mitatu ikatoboa ngozi. Mfumo wa AJCC, kamati ya saratani ya Marekani, wa kupanga hatua (yaani ugonjwa umefika wapi), katika toleo lake la 8 lililoanza kutumika 2018, unajumlisha daraja, ER, PR na HER2 pamoja na ukubwa na matezi. Ndiyo maana wawili wenye uvimbe sawa wanaweza kuandikiwa hatua tofauti.

Jambo moja ambalo wengi hawaambiwi: muda wa hatari haufanani. Saratani isiyo na vipokezi, ikirudi, hurudi zaidi miaka ya mwanzo, hasa mitatu ya kwanza, na aliyevuka mitano hatari yake hushuka sana. Yenye ER chanya huenda taratibu, lakini inaweza kurudi hata baada ya miaka 15 au 20. Kwa hiyo mwenye ER chanya asiseme "nimeshamaliza miaka mitano, kliniki basi".

11. Nimeambiwa "hasi tatu". Ndiyo nimekwisha?

La hasha. Hasi tatu maana yake ER, PR na HER2 zote hasi. Ni kweli huwa kali na hukimbia, na huonekana zaidi kwa wanawake wenye asili ya Afrika na wenye umri mdogo kuliko kwa wanawake wa Ulaya. Ni kweli pia vidonge vya homoni haviisaidii. Lakini kemotherapia huishika vizuri, mara nyingi kuliko inavyozishika zile za ER chanya. Ikitolewa kabla ya upasuaji, na upasuaji ukikuta hakuna saratani iliyobaki, mwenendo wake huwa mzuri sana.

Kitu kimoja tu: hakikisha ni hasi kweli. Rudi swali la 7 na la 16.

12. Ki-67 ya 40% ni mbaya?

Ni ishara ya kasi. Kwa ujumla 5% kushuka chini ni ya polepole, 30% kwenda juu ni ya kasi, na katikati maabara mbili zinaweza kutofautiana kwa kioo kilekile. Peke yake haiamui kitu. Na saratani ya kasi ndiyo mara nyingi inayoitikia kemotherapia.

13. HER2 chanya je?

Zamani hii ilikuwa habari nzito. Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha trastuzumabu, sindano inayoshika HER2 yenyewe, na tangu hapo mambo yamegeuka. Kwa kawaida hutolewa kila wiki tatu kwa mwaka mmoja, na moyo hupimwa kwa ultrasaundi kabla na katikati ya matibabu kwa sababu inaweza kuudhoofisha. Iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2015, lakini gharama yake ni kubwa. Uliza bima yako kwa maandishi kabla ya dozi ya kwanza, maana kukatisha njiani kunaumiza.

## Dawa za vidonge

14. Titi limetolewa, mionzi nimemaliza. Vidonge miaka mitano vya nini?

Kwa sababu seli chache zinaweza kuwa zimebaki mahali ambapo hakuna kipimo kinachoziona, nazo bado zina magati. Daktari mpasuaji wa Glasgow, George Beatson, aliandika mwaka 1896 kwamba alipotoa ovari za mwanamke mwenye saratani ya titi iliyosambaa, uvimbe ulinywea. Ilichukua zaidi ya miaka 60 kabla ya Elwood Jensen wa Chicago kuonyesha kipokezi cha estrojeni, ndipo sababu ikajulikana.

Tamoksifeni ni jahazi tupu. Inaingia gatini, inafunga, haishushi mzigo, na lenye mzigo linakosa nafasi. Dawa kama anastrozoli na letrozoli hufanya kingine: huzuia mzigo usipakiwe kabisa, yaani mwili usitengeneze estrojeni. Hizi ni za waliokwisha koma hedhi. Kwa ambaye ovari zake bado zinafanya kazi hazifai peke yake, kwa hiyo usimeze za mama yako hata kama ugonjwa ni mmoja.

Kwa wenye ER chanya, miaka mitano ya tamoksifeni hupunguza vifo vya saratani ya titi kwa takriban theluthi moja katika miaka 15 ya kwanza. Hiyo ni faida ya kidonge kimoja cha miligramu 20 kwa siku. Baadhi hushauriwa kufika miaka 10. Anayeacha mwaka wa pili kwa kuwa anajisikia mzima anaiacha faida hiyo njiani. Usitumie kwa mwenye ER na PR hasi. Ni madhara bila faida.

15. Joto linanipanda, nalowa jasho usiku. Na Ramadhani je?

Joto la ghafla ni la kawaida, kwa wengi hupungua kadiri miezi inavyokwenda. Mama mdogo alihamishia kidonge usiku na kulala na kanga moja nyepesi, ikamsaidia. Yasiyo ya kuvumilia ni haya: mguu mmoja kuvimba na kuuma, kubanwa pumzi ghafla (damu inaweza kuwa imeganda), au kutokwa damu ukeni wakati ulishakoma hedhi. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Mwambie pia daktari kama unatumia dawa za sonona. Paroksetini na fluoksetini hudhoofisha tamoksifeni. Kwa anastrozoli na letrozoli tatizo kubwa ni viungo kuuma na mifupa kupungua nguvu.

Ramadhani haina mgongano: ni mara moja kwa siku, kimeze wakati wa futari au daku, saa ileile kila siku. Ukikosa siku moja usimeze viwili kesho yake. Mimba haitakiwi ukiwa kwenye dawa hizi. Tumia kitanzi cha shaba au kondomu, si sindano wala vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni. Ukitaka mtoto, panga na daktari muda wa kusimamisha, usisimamishe mwenyewe.

## Yasiyo ya kawaida

16. Maabara mbili, majibu mawili. Niamini lipi?

Usichague lile linalokupendeza. Omba daktari wa patholojia aangalie vioo vya zote mbili na ajibu mambo mawili: seli za kawaida zilishika rangi, na kipande kilihifadhiwaje. ER hasi kwenye saratani ya daraja la 1 inatia shaka na hustahili kurudiwa. Vivyo hivyo ER hasi yenye PR chanya. Hutokea mara chache mno, na mara nyingi chanzo ni kipimo.

17. Saratani imerudi kwenye mfupa. Majibu ya zamani bado yanafaa?

Huenda yamebadilika. Pale inapowezekana kuchukua kipande kipya, kipimwe, kwani iliyokuwa ER chanya inaweza kupoteza vipokezi na HER2 inaweza kugeuka. Mwambie anayepima kwamba kinatoka mfupani: dawa ya asidi ya kulainishia mfupa inaweza kuharibu kipimo. Isipowezekana, daktari hutumia ya zamani.

18. Mwanaume naye hupimwa vipokezi?

Hupimwa vilevile. Wanaume ni kama 1% ya wagonjwa wote wa saratani ya matiti, na wengi wao sana, takriban tisa kwa kumi, wana ER chanya, hivyo tamoksifeni ndiyo dawa yao kuu ya homoni. Mzee mmoja mvuvi wa Sahare alikaa na kivimbe nyuma ya chuchu karibu mwaka, akisema ni kamba ya nyavu ndiyo inayomkwaruza. Aliona haya kukaa kwenye benchi la kliniki lililojaa akina mama. Siku alipokuja, mama mdogo ndiye aliyesogea akampa nafasi, akamuuliza, "Baba, karatasi yako umekuja nayo?"